Bonde Lililonizimia Mtandao

Wiki iliyopita niliishia kijijini Jagat, simu yangu ikiwa imelala kifudifudi juu ya meza ya karata, ikitetemeka. Baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kwa nini sikuipokea. Nitajibu leo, ingawa jibu lenyewe ni dogo na la aibu.

Kwa anayeanza leo: naitwa Jitman, kazi yangu ni kuongoza wageni milimani, na dada yangu Aasmaya ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka mitano. Yeye alikuwa na kumi na minne. Baadaye aliolewa kijiji cha Khorla, chini kabisa ambako mto unapanuka, na huko ndiko moyo wake ulikoanza kumsumbua. Hereni zake za dhahabu ndizo zilizonisomesha uongozaji na kunipatia leseni. Hakuwahi kunikumbusha. Alichodai ni kitu kimoja tu: kila jioni nikiwa safarini, popote penye waifai, nimpigie kwa video anione uso.

Alikuwa na mzaha wake. Akiona nyuma yangu kuna genge au daraja la kamba, husema: "Jitman, usianguke huko. Ukifa kabla yangu nani ataniletea kitambaa?"

Kwetu Wagurung mwanamke akifa, kitambaa cheupe cha kumfunika hutoka kwa ndugu zake wa kiume, wa nyumba aliyozaliwa. Mume hakinunui, watoto hawakinunui. Mpaka kifike, maiti haivuki kizingiti.

Aasmaya alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume.

Basi, jioni ile ya Jagat dada aliita mara mbili. Nilikuwa nimeshika karata nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Mangal, mwongozaji mwenzangu ambaye mdomo wake haujui kupumzika, aliniuliza kama ni mke anayeita. Nikamwambia ni dada. Akasema basi afadhali ingekuwa mke, mke unaweza kumdanganya.

Nikamdanganya dada. Niliandika: "Mtandao mbaya huku. Kesho." Kisha nikazima mtandao kwenye simu yangu, asije akaniona niko hewani, ili uongo wangu ufanane na ukweli.

Ule mchezo nilishinda.

Alfajiri niliondoka na mgeni wangu bila kuuwasha mtandao. Mgeni mwenyewe alikuwa Hedvig, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Uswidi, mwenye miaka sitini na mitatu. Nilimwita Mama Hedvig, naye aliniita Jitman kwa kunyoosha herufi kama anayeita majina darasani. Alikuwa amejiandaa miaka mitatu kupanda na kuvuka Mlango wa Larke, kipito cha juu kati ya vilele. Alitembea polepole na hakulalamika.

Jioni tulifika Deng. Nikauwasha mtandao kwenye simu, nikamwomba mwenye nyumba neno la siri la waifai. Bwana yule nimemfahamu miaka minane. Ni mtu anayekutoza hata maji ya moto ya kunawia. Alinitazama, akautazama ukuta, akasema mnara umekufa tangu asubuhi.

Nikasema haya. Mtandao mbaya, kama nilivyosema mwenyewe.

Chakula kilipokuja, wali wangu ulikuwa na mayai mawili juu yake. Waongozaji hatupewi mayai. Nilipotaka kulipa aliipunga mikono, akaingia jikoni.

Siku iliyofuata tulifika Namrung. Mnara umekufa. Pale walikuwepo waongozaji watano na wapagazi kumi hivi, na nilipoingia walikuwa wanacheka. Wakanyamaza. Mmoja aliitia simu mfukoni kama mwanafunzi aliyefumaniwa.

Mangal alikuwepo na kundi lake. Tangu nimfahamu hajawahi kulitaja jina langu bila kuongeza tusi la mapenzi. Siku hiyo alisogea kwenye benchi, akasema: "Kaa hapa karibu na jiko, kaka."

Kaka. Tumezaliwa mwaka mmoja.

Nilikaa. Wakaniletea mayai tena. Nilikuwa nimeinama juu ya sahani nilipousikia: mlio mfupi wa ujumbe ukiingia kwenye simu ya mtu, ndani ya chumba ambacho mnara wake umekufa. Mlio mmoja, halafu wa pili.

Kila mtu aliusikia, na hakuna aliyegeuka.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaambia jambo ambalo hata shemeji yangu hajalijua mpaka leo hii anaposoma. Ishara zile zote nilizifahamu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuzifanya.

Miaka miwili kabla ya hapo, kule Bimthang, zilikuja habari kwamba baba wa mpagazi wetu mmoja, Sange, amefariki. Huku kwetu msiba hausomwi kwenye simu. Njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine mto uko chini mita mia mbili. Mtu akipewa habari ya namna hiyo peke yake, miguu humgeuka. Msiba huletwa na mtu wa damu yako, anakuja kwa miguu, anasubiri ule ushibe, anakukalisha, ndipo anasema. Mpaka afike, wote waliokuzunguka wana kazi moja, kukufichia. Ni mimi niliyeuchomoa waya wa kile kisanduku cha mtandao. Ni mimi niliyemwambia Sange kwamba radi imepiga mnara, nikamwekea mayai kwenye wali. Mjomba wake alifika kesho yake. Sange alinishukuru.

Kwa hiyo pale Namrung nilijua, sema sikutaka kuwa nimejua. Nilijiambia ule mlio ni wa kengele ya kuamkia, na mayai ni kwa sababu msimu umekuwa mzuri. Nilijiambia maadamu mtandao haupo dada yangu yupo, anakuna mgongo kwenye nguzo ya kibaraza na kuwafokea kuku.

Mama Hedvig alikuwa na kifaa chake chekundu cha setilaiti, ukubwa wa kipande cha sabuni, cha kutuma ujumbe mfupi hata pasipo na mnara. Pale Namrung alinipa nikitumie. Nikamwambia hapana, tuitunze betri kwa ajili ya Larke.

Betri ilikuwa imejaa.

Siku ya tatu tangu Jagat tuliingia Lho mapema, saa nane mchana, jua likiwa bado kali juu ya paa za mbao. Mwenye nyumba pale ni Nyidon, mwanamke mwenye ulimi kama wembe. Kila nikifika huniuliza kama nimekuja na mgeni au na bibi mwingine wa kumzika njiani. Safari hii alinipokea mzigo mlangoni. Nikamuuliza mtandao. Akasema umekufa, akaongeza kwamba nile kwanza.

"Sina njaa, dada."

"Kula," akasema. Hakunitazama.

Nilitoka nje nikainua simu juu, upande wa mto, upande wa nyumba ya watawa, kama mjinga anayechota hewa. Mama Hedvig alinifuata. Aliniuliza ni nani ninayemtafuta siku tatu hizi. Nikamwambia ni dada yangu, ana moyo mbovu, nilimwahidi kumpigia kesho, na hiyo kesho imepita mara tatu.

Safari hii hakungoja nitaje betri. Alivaa miwani, akakaa juu ya ukuta wa mawe, akasema nimpe namba ya shemeji yangu Hom, mume wa dada, na nimtajie maneno kwa lugha yetu, yeye ataandika. Nikayataja neno kwa neno. Aliyarudia vibaya mpaka nikacheka, kicheko cha kwanza tangu Jagat. Tuliandika hivi: "Hom, dada anaendeleaje? Mtandao huku umekufa. Jitman."

Akabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikaenda bombani kufua soksi zake na zangu.

Sikumaliza soksi ya pili. Nilimwona anakuja, kifaa mkononi, anatabasamu kama mtu anayeleta zawadi.

"Shemeji yako amejibu upesi," akasema. "Sijui kasema nini. Soma wewe."

Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikasoma.

"Kitambaa kitafika lini? Leo siku ya tatu tumemweka ndani. Lama amesema kesho kutwa kabla ya adhuhuri, isipite. Baba mdogo hajambo?"

Nilirudia kusoma. Sikuelewa kwa nini ananiuliza habari za baba mdogo. Akili ilishika hapo, kwa baba mdogo, ikakataa kurudi nyuma kwenye lile neno la kwanza.

Halafu ikarudi.

Hom alidhani najua. Walimtuma baba mdogo Dhanman anifuate, ndiye mwanamume pekee aliyebaki upande wetu, mzee mwenye goti bovu. Hom alihesabu siku, akaona lazima keshanifikia. Kwa hiyo hakuniambia kwamba dada amekufa. Aliniuliza tu kitambaa.

Mama Hedvig aliacha kutabasamu. Aliniuliza ni nini. Nikafungua mdomo nikamwambia kwamba soksi zake zitakauka kabla ya jioni.

Nyidon alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona uso wangu, akakiona kifaa. Aligeuka akaingia ndani, nami kupitia mlango nikaona kisanduku cha mtandao juu ya kabati kikichomekwa kwenye waya. Vitaa vinne vya kijani vikawaka.

Simu mfukoni mwangu ilianza kutetemeka, na haikuacha kwa muda mrefu.

Nilikaa chini hapo hapo bombani. Nyidon akatoka, akachuchumaa mbele yangu, akayafunga maji niliyoyasahau.

"Mzee wako yuko njiani," akasema. "Ukingo umeporomoka chini ya Deng, amekwama ng'ambo tangu jana. Tungefanyaje, Jitman? Tulikuwa tunakutunzia miguu."

"Mmenipandisha mlima siku mbili," nikasema. "Nilipaswa kuwa nashuka."

"Najua."

"Kila hatua niliyopiga ilikuwa ya kumpa kisogo."

"Najua, mdogo wangu. Nitukane."

Sikumtukana. Ningemtukanaje? Nilichomoa waya kama huo kwa mkono wangu. Tena kama angeniambia kwamba tangu Namrung nilikuwa nimejua, angekuwa sahihi, na lawama ingerudi kwangu.

Aliniambia yaliyobaki, taratibu, kama anayelisha mtoto. Aasmaya alifariki alfajiri ile niliyoondoka Jagat. Alikuwa ameamka kuwasha moto, akaegemea nguzo. Hapakuwa na kelele. Hom alidhani anapumzika.

Kutoka Lho mpaka Khorla ni siku nne kwa miguu. Kwa kukimbia ni tatu, tena kama ukingo haujaporomoka. Na lama, kuhani wetu wa mazishi, amesema kesho kutwa kabla ya adhuhuri. Nilihesabu mara mbili kwa vidole, kama mtoto, na vidole havikubadilika.

Nikamuuliza Nyidon kama ana kitambaa cheupe. Alikwenda dukani kwake, akarudi na pamba nyeupe iliyokunjwa, pima tano.

"Kitambaa ninacho," akasema. "Njia ndiyo sina."

Ikabidi nimweleze Mama Hedvig. Nilieleza vibaya, nikianza na kitambaa, kisha lama, kisha goti la mzee. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilisema pia kwamba nitamtafutia mwongozaji mwingine wa kumvusha Larke, Mangal angekubali, na kwamba mimi nitashuka sasa hivi hata kama nitachelewa.

Aliuliza kama helikopta inaweza kutua Lho.

Nikamwambia inatua pale kwenye uwanja wa yaki, ng'ombe wetu wa manyoya, lakini inakuja kwa mgeni mgonjwa tu, na mwongozaji wake humsindikiza mpaka chini bondeni. Haiji kwa msiba wa mwongozaji. Kuikodi ni mshahara wangu wa misimu miwili, na haiji kwa mkopo.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Kifua kinaniuma," akasema.

Nilimtazama. Mashavu yalikuwa mekundu, pumzi imetulia. Asubuhi ile alipanda ngazi za Lho akihesabu ndege.

"Mama, hapana."

"Nina miaka sitini na mitatu, Jitman. Daktari gani atabishana na kifua changu?"

Nikamwambia asichokijua. Kuna waongozaji waliofanya biashara ya wagonjwa wa uongo, bima zikalipa mpaka zikachoka. Sasa mwongozaji akikamatwa ananyang'anywa leseni hapo hapo, maisha yake yote. Msimu uliopita waliondoka hivyo wawili ninaowajua. Nikamwambia pia kwamba helikopta ikija kwetu, huenda kuna mtu mahali anaumwa kweli.

Sikumwambia kuhusu hereni. Lakini leseni ilikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba yake, nami niliishika.

"Larke yako je?" nikamuuliza. "Miaka mitatu."

Aliutazama mlima. Siku hiyo ulikuwa wazi wote, mpaka kilele. Aliutazama kwa muda, nikadhani anabadili mawazo.

"Nimeshauona," akasema. Akainua kifuniko cha pembeni ya kile kifaa, penye kitufe cha kuomba msaada, akakibonyeza.

Nyidon alitamka jina la Buddha chinichini. Mimi nilikuwa nimekaa, soksi imeloa magotini.

Jibu lilikuja kabla sijasimama. Kituo cha uokoaji kiliuliza dalili, umri, na kama kuna uwanja wa kutua. Mama Hedvig aliandika haraka, kwa lugha yake ya darasani. Kifaa kikalia tena. Safari hii alikisoma akanikabidhi.

"Mwongozaji athibitishe ugonjwa. Jina kamili na namba ya leseni."

Nilikishika kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa na simu, na simu ilikuwa imemaliza kupokea yake. Rambirambi za watu hamsini. Hom mara kumi na tisa. Na juu kabisa, penye picha ndogo ya dada akiwa amefumba jicho moja kwa sababu ya jua, ujumbe wa sauti. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Niliangalia saa ulipotumwa.

Aliutuma jioni ile ya Jagat, dakika sita baada ya mimi kuandika kwamba mtandao ni mbaya.

Ulikuwa umekaa hewani siku tatu ukinisubiri, na aliyeuzuia kwanza hakuwa Deng, hakuwa Namrung. Alikuwa mimi, kwa kidole hiki.

Nikaubonyeza.

Kwanza kuku. Kisha kikohozi chake, mbali na simu, ule wa kujificha asisikike. Kisha yeye.

"Jitman, mdogo wangu. Mtandao wa Jagat ni mzuri, Hom alikuwa hapo juzi kanipigia. Umechoka tu kuniona, na si kosa. Mtu huchoka. Leo sitaki unione, nataka unisikie tu, hata kesho, hata siku utakayopata nafasi. Ni kuhusu kile kitambaa ninachokutania nacho kila siku..."

Kifaa kililia mkononi mwangu mara ya tatu. Mama Hedvig, asiyejua neno hata moja la lugha yetu, alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja.

Sikuwa nimeandika hata herufi ya kwanza ya jina langu.